Hadithi za Kijapani Kwenye Mpini wa Kisu cha Kukunja

Kisu cha kukunja kinachotoshea kiganjani kina nafasi finyu ya kusimulia hadithi: vibamba viwili vya mpini, kila kimoja na urefu wa sentimita kumi hivi na upana usiozidi vidole viwili. Hata hivyo, katika nafasi hiyo mafundi wa Japani, Marekani, Italia na kwingineko huchora mazimwi yenye pembe, mbweha wenye mikia tisa, majoka yanayopasua mawingu na wanawake waliogeuka nyoka kwa uchungu wa mapenzi. Visu hivi havitoki kiwandani kwa maelfu. Kila kimoja huagizwa, husanifiwa na kuundwa peke yake, mara nyingi kwa mikono ya watu wawili, mmoja fundi wa kisu na mwenzake fundi wa nakshi. Mnunuzi husubiri miezi, pengine miaka, kisha hulipa maelfu ya dola kwa kitu ambacho huenda kisimenye hata chungwa moja.

Asiyevizoea huvutwa kwanza na dhahabu. Mjuzi huanza kwingine: huuliza ni hadithi gani iliyochorwa, na kama hadithi hiyo ina sababu yoyote ya kukaa juu ya kisu. Swali hilo ndilo hutenganisha kazi ya kweli na pambo tupu, na halieleweki bila kurudi nyuma karne kadhaa, kwenye ala za panga za samurai.

Ubavuni mwa ala ya upanga wa Kijapani aghlabu palikuwa na mfuko mwembamba wa kutilia kisu kidogo cha shughuli za kila siku, kama kukata karatasi au kuchonga kijiti. Bapa lake lilizama ndani ya ala. Kilichobaki nje, machoni pa watu, ni mpini wake tu, unaoitwa kozuka: kibamba cha madini chenye urefu wa sentimita 9 hadi 10 na upana wa karibu sentimita moja na nusu. Samurai hakuweza kutembea mjini amevaa dhahabu na vito, lakini juu ya kozuka na juu ya tsuba, lile bamba linalokinga mkono wa mshika upanga, aliruhusiwa kuwa na ladha. Hapo ndipo ziliposongamana hadithi za taifa zima, na vipimo vya kozuka haviko mbali na vya mpini wa kisu cha kukunja cha leo.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilishikwa na ukoo wa Goto, ulioanzishwa na Goto Yujo katika karne ya 15 chini ya ulinzi wa mtawala Ashikaga Yoshimasa. Watoto na wajukuu wake waliendelea kuwahudumia watawala wa kijeshi kwa zaidi ya vizazi kumi na tano. Mtindo wao ulikuwa wa heshima na wa tahadhari: majoka na simba wa dhahabu walioinuka juu ya uwanja mweusi uliogongwa vitone vidogo vidogo vilivyopangwa kama mayai ya samaki. Mabadiliko makubwa yalikuja na Yokoya Somin, aliyeishi kati ya 1670 na 1733. Somin alilaza tindo upande, ukingo mmoja wa mfereji ukawa wima na mwingine wa mteremko, na mstari ukawa unanenepa na kukonda kama umevutwa kwa brashi ya wino. Tangu hapo madini yaliweza kuchorwa kwa wepesi wa karatasi. Wafanyabiashara wa mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, walipenda mambo ya kuchekesha na kutisha, na viumbe wa ngano wakaingia kwa wingi kuliko zamani.

Mwezi Machi 1876 serikali ya Mfalme Meiji ilipiga marufuku kuvaa upanga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na wakati wa sherehe rasmi. Soko la mafundi wa vifaa vya panga likaanguka. Wengine waliacha kazi. Wengine waligeukia vyetezo, vyungu vya maua na visanduku vya kuuza Ulaya na Marekani, ambako maonyesho ya kimataifa ya Vienna mwaka 1873 na Philadelphia mwaka 1876 yalikuwa yamewasha hamu ya vitu vya Kijapani. Kano Natsuo, mmoja wa mabingwa wa kizazi hicho, alikuwa tayari amepewa kazi ya kusanifu sarafu mpya za yen. Vifaa vya panga vyenyewe viliuzwa kwa wakusanyaji wa kigeni kwa masanduku, na ndivyo vilivyofika London na Boston, ambako wachoraji wa nakshi wa karne ya 20 wangevisoma kama vitabu vya shule.

Japani ina kisu chake cha kukunja cha asili, na inafaa kusema kwamba hakina pambo lolote. Ni higonokami, kilichoanza kutengenezwa katika miaka ya 1890 mjini Miki, mkoa wa Hyogo: bamba la shaba au chuma lililokunjwa kuwa mpini, bapa, pini moja, na kijimkia cha kubonyezea kwa dole gumba. Hakina springi wala kifungio. Watoto wa shule walikuwa nacho mfukoni kuchongea penseli. Baada ya mwanasiasa Inejiro Asanuma kuuawa jukwaani kwa upanga mfupi Oktoba 1960, na muuaji akiwa kijana wa miaka 17, ilizuka kampeni ya kuwaondolea watoto visu, na mafundi wengi wa Miki wakafunga karakana. Kisu chenye nakshi za ngano kwa hiyo hakikutokana na higonokami. Kilizaliwa pale ustadi wa kozuka ulipokutana na kisu cha kisasa cha Kimarekani.

Mkutano huo uliwezekana kwa sababu ya mabadiliko ya ufundi. Kisu cha zamani cha mfukoni kilishikiliwa na springi nene mgongoni, na sehemu yake ya madini ilikuwa vipande vidogo tu kwenye ncha za mpini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 fundi Ron Lake wa Marekani alijipatia jina kwa visu ambavyo mpini wake ni fremu moja ya chuma, na pembe au ganda la chaza limepachikwa katikati kama picha. Ukingo wa fremu ukawa uwanja wa nakshi. Miaka ya 1980 Mmarekani mwingine, Michael Walker, alikamilisha kifungio ambacho ulimi mwembamba wa chuma ulio ndani ya mpini huruka na kukaa nyuma ya bapa linapofunguka, na kukibonyeza kwa dole gumba kunalirudisha. Springi ya mgongoni haikuhitajika tena, na ubavu mzima wa mpini ukawa huru. Chris Reeve, fundi aliyezaliwa Afrika Kusini na kuhamia jimbo la Idaho, alipeleka wazo hilo mbele zaidi kwa kukata ulimi huo katika ubavu wenyewe wa mpini wa titani. Kifungio hicho ni imara sana, ila humpa fundi wa nakshi shida: mkato mrefu unapita katikati ya upande mmoja, na zimwi lililochorwa hapo lazima likubali kugawanywa au lipishe.

Wanaojua kazi hawaikimbii shida hiyo. Skrubu ya egemeo, yaani pini ambayo bapa huzungukia, ni duara lisiloweza kuondolewa. Mikononi mwa fundi mvivu hubaki skrubu. Mikononi mwa fundi mwenye akili hugeuka mwezi mpevu nyuma ya mbweha, au lulu ambayo joka linaifukuza, na mkato wa kifungio huwa ukingo wa wingu. Hapo mtu anaweza kukishika kisu dakika kadhaa kabla ya kutambua mashine ilikofichwa.

Kuhusu hadithi, iliyo bora kuliko zote kwa kisu ni ya mhunzi Munechika wa mtaa wa Sanjo, Kyoto, wakati wa Mfalme Ichijo, aliyetawala kuanzia 986 hadi 1011. Mfalme aliota ndoto, akamtuma mjumbe kuagiza upanga. Munechika alifadhaika, maana kufua upanga kunahitaji watu wawili walio sawa kwa ustadi, bwana mhunzi anayeshika chuma na mwenzake anayegonga kwa nyundo kubwa, naye hakuwa na mwenzake. Akaenda kuomba kwa Inari, mungu wa mpunga ambaye wajumbe wake ni mbweha. Saa ya kazi ilipofika alitokea kiumbe wa Inari katika sura ya kibinadamu, akashika nyundo, na wawili hao wakapigiana zamu juu ya chuma chekundu mpaka upanga ukakamilika. Upande mmoja uliandikwa jina la Munechika, na upande wa pili jina la Mbweha Mdogo. Kisa hiki bado huchezwa katika tamthilia ya Noh iitwayo Kokaji, na wahunzi wa Kijapani humheshimu Inari kwa sikukuu ya mivukuto kila Novemba 8.

Kwa kisu cha kukunja hadithi hii ni kama imetungwa kwa makusudi. Kisu nacho kina pande mbili zisizoonekana kwa wakati mmoja. Mhunzi akichorwa upande wa kulia na mbweha upande wa kushoto, wote wawili wameinua nyundo, basi bapa linalotoka katikati yao ndicho chuma wanachokifua. Mtazamaji hahitaji maelezo. Akikifungua kisu tu, kazi imekamilika. Upanga wa Mbweha Mdogo haujulikani ulipo leo, lakini mwingine wa Munechika, uitwao Mikazuki kwa sababu ya michirizi ya mwezi mwandamo iliyo karibu na makali yake, umehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo na umetangazwa kuwa hazina ya taifa.

Mbweha wa Kijapani hawako upande wa wema siku zote. Tamamo no Mae alikuwa bibi mrembo mno katika jumba la Mfalme Toba, mpaka mnajimu alipogundua kuwa ni mbweha mzee mwenye mikia tisa aliyekuwa akimnyonya mfalme uhai. Alifukuzwa, akauawa kwenye uwanda wa Nasu, na roho yake ikaingia katika jiwe lililoua kila kilicholigusa. Jiwe hilo lipo kweli, katika mkoa wa Tochigi, kwenye mteremko unaotoa gesi za volkano, na gesi hizo zinatosha kueleza ndege waliokufa. Mshairi Matsuo Basho alilitembelea mwaka 1689. Machi 2022 lilikutwa limepasuka vipande viwili, na kwa siku kadhaa Wajapani walitaniana mitandaoni kwamba bibi ametoka. Mikia tisa, kwa jicho la fundi, ni zawadi: hujaza mpini mrefu na mwembamba bila kulazimisha, ikipepea kutoka egemeo hadi kitako.

Zimwi la Kijapani, oni, huonyeshwa na pembe za ng'ombe na nguo ya ngozi ya chui milia kiunoni. Mojawapo linalopendwa na wachora visu ni Shuten-doji, mfalme wa mazimwi wa mlima Oe, mla watu na mlevi wa kupindukia. Shujaa Minamoto no Raiko na wenzake walimwendea wakijifanya watawa wa milimani, wakamnywesha pombe yenye dawa, wakamkata kichwa akiwa usingizini. Kichwa hicho kiliruka na kuuma kofia ya chuma ya Raiko. Hii nayo ni hadithi ya chuma, kwa sababu upanga unaohusishwa na tendo hilo upo: Dojigiri, kazi ya mhunzi Yasutsuna wa jimbo la Hoki, nao ni hazina ya taifa iliyo katika makumbusho hayo hayo ya Tokyo. Watanabe no Tsuna, mmoja wa watu wa Raiko, ana kisa chake. Alilikata mkono zimwi lililomvamia usiku kwenye lango la Rashomon, akaufungia mkono ule sandukuni. Siku chache baadaye shangazi yake mzee alibisha hodi, akabembeleza aonyeshwe huo mkono. Tsuna akafungua sanduku. Shangazi akaunyakua, akageuka zimwi, akatoweka.

Hadithi iliyo kongwe zaidi imo katika Kojiki, kitabu kilichokamilishwa mwaka 712. Mungu Susanoo alimkuta nyoka mwenye vichwa vinane na mikia minane akimeza mabinti wa nyumba moja katika nchi ya Izumo, akatega mapipa manane ya pombe, na nyoka alipolewa akamkatakata. Alipofika kwenye mkia, upanga wake ulipata pengo. Ndani ya mkia palikuwa na upanga mwingine, ambao ukaja kuwa mmoja wa alama tatu za ufalme wa Japani. Izumo ni sehemu ya mashariki ya mkoa wa Shimane wa leo, nchi ya mchanga wenye chuma, na wapo wachambuzi wanaoona katika tumbo jekundu la nyoka yule mito iliyotiwa wekundu na mchanga huo. Hadi sasa chuma cha panga za kijadi huyeyushwa huko Oku-Izumo katika tanuru ya udongo iliyofufuliwa mwaka 1977.

Picha za viumbe hawa hazitoki kichwani mwa fundi wa leo peke yake. Toriyama Sekien alichapisha mwaka 1776 kitabu cha michoro kilichowapanga viumbe wa ngano mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake, na kwa kiasi kikubwa sura aliyowapa ndiyo wanayojulikana nayo hadi leo. Baada yake walikuja wachoraji wa chapa za mbao, Hokusai na Kuniyoshi, kisha Tsukioka Yoshitoshi, ambaye alitoa mfululizo wa mizuka thelathini na sita kati ya 1889 na kifo chake mwaka 1892. Chapa hizi hazina tena haki miliki, kwa hiyo yeyote anaweza kuzichora upya. Njia ya pili ni chale. Mfululizo wa Kuniyoshi wa mwaka 1827 kuhusu majambazi mashujaa wenye miili iliyojaa michoro ulichochea chale za Kijapani, na mafundi wengi wa Magharibi wamekutana na ngano hizi kwenye migongo ya watu kabla ya kuziona kwenye vitabu.

Njia hiyo ya pili ina hasara. Mfano ulio wazi ni hannya, uso wenye pembe, macho ya madini na meno yaliyochomoza, ambao umechorwa kwenye visu vingi. Wengi huutumia kama sura ya shetani tu. Katika tamthilia ya Noh ni uso wa mwanamke aliyeharibiwa na wivu na huzuni, na kinyago chake huchongwa ili kikiinamishwa kidogo kionekane kinalia na kikiinuliwa kionekane kina ghadhabu. Mmoja wa wanawake hao anasimuliwa katika kisa cha hekalu la Dojoji: Kiyohime alimpenda mtawa Anchin, mtawa akakimbia na kujificha chini ya kengele kubwa ya hekalu, mwanamke akageuka nyoka, akaizungushia kengele mwili wake mpaka ikawaka moto na aliyemo akateketea. Fundi anayekijua kisa hiki huacha huzuni machoni mwa hannya. Asiyekijua huongeza meno.

Kosa jingine ni dogo na huumiza zaidi. Kwa desturi ya Kijapani kimono hufungwa ubavu wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ni vazi la maiti. Sasa fundi anayetaka pande mbili za kisu zilingane hugeuza mchoro wake kama kwenye kioo, na mara bibi mzuri wa upande wa pili anakuwa amevikwa sanda. Kuna visu vya bei kubwa vyenye kosa hili. Mnunuzi wa Kijapani huliona kabla hajakipokea mkononi.

Kinyume cha kujaza kila nafasi ni namna ya kuchora iliyopendwa na wapambaji wa vyombo vya Kijapani, ambayo mhusika mkuu wa hadithi haonekani kabisa. Huchorwa vitu vyake tu. Lango, kofia ya chuma na mkono wenye kucha ndefu vinatosha. Anayejua ataona Tsuna na zimwi, asiyejua ataona pambo. Kozuka nyingi bora hufuata njia hii, na kwenye kisu cha kukunja inafaa hata zaidi, kwa kuwa nafasi ni finyu na mkono wa mshikaji hufunika nusu ya mchoro.

Kazi yenyewe hufanywa chini ya hadubini ya macho mawili. Kisu huundwa kwanza hadi kifanye kazi barabara, kisha hufunguliwa vipande, na vibamba vya mpini hushikwa kwenye jiliwa la duara linalozunguka kwa kusukumwa na kidole. Fundi hasogezi sana mkono wake; huizungusha kazi chini ya tindo. Zamani kila mkato ulikuwa pigo la nyundo ndogo. Siku hizi wengi hutumia kishikio kinachosukumwa na hewa, ambacho hugonga maelfu ya mara kwa dakika na kudhibitiwa kwa mguu, chombo kilichoenea kutoka jimbo la Kansas kuanzia miaka ya 1960. Waitalia wa bonde la Trompia, karibu na Brescia, ambako bunduki zimetiwa nakshi kwa karne nyingi, wana mbinu yao iitwayo bulino: kwa shinikizo la mkono peke yake, fundi huweka vitone na mikwaruzo midogo isiyoonekana kimoja kimoja, mpaka vinajumuika kuwa kivuli cha shavu au manyoya ya mbweha. Firmo Fracassi ndiye jina linalotajwa kwanza katika mbinu hiyo. Kazi ya kisu kimoja huweza kumeza mamia ya saa.

Dhahabu hupachikwa. Fundi huchimba mfereji ambao kingo zake zimekatwa ndani kwa chini, mdomo mwembamba na tumbo pana, kisha hulaza uzi wa dhahabu safi na kuugonga hadi ujae chini ya kingo. Hakuna gundi. Kwa nakshi ya kuinuka, chuma kinachozunguka umbo hupunguzwa kidogo kidogo hadi zimwi libaki limesimama. Bapa lenyewe huchorwa mara chache, kwa kuwa likishapitishwa motoni na kuzimwa huwa gumu kiasi cha kuvunja tindo. Anayetaka kulichora hufanya hivyo kabla.

Rangi ni jambo lililobaki la Kijapani hasa. Shakudo ni shaba nyekundu iliyochanganywa na dhahabu kidogo, asilimia chache tu. Shibuichi ni shaba yenye fedha, kwa kawaida robo moja. Kabla ya kutiwa rangi, zote mbili hufanana na shaba ya kawaida. Hupakwa maji ya figili nyeupe iliyokunwa na kuchemshwa katika maji yenye chumvi za shaba, na hapo shakudo hugeuka nyeusi yenye zambarau kama bawa la kunguru na shibuichi hupata kijivu cha mvua, ilhali dhahabu iliyopachikwa ndani yake haibadiliki hata kidogo. Mawingu ya shibuichi, usiku wa shakudo na mwezi wa dhahabu hupatikana bila tone la rangi ya kupaka. Kidole chenye jasho kinatosha kuchafua uso huo, ndiyo maana visu hivi hushikwa kwa kitambaa.

Kwa mipini ya mchanganyiko, mafundi hutumia ganda la chaza, pembe za mnyama wa kale aitwaye mamothi zilizochimbwa katika barafu ya Siberia, na mbao nzito. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji ni mmojawapo wa mbao zinazothaminiwa: mweusi, mzito kuliko maji, hupokea mng'aro kama jiwe na haubabaiki kwa unyevu. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko katika orodha ya mkataba wa CITES inayodhibiti biashara ya kimataifa. Pembe za ndovu, zilizokuwa chaguo la kawaida la visu vya fahari, zilianza kutoweka kwenye soko halali baada ya mkataba huo kupiga marufuku biashara yake mwaka 1989, mwaka ule ule Kenya ilipochoma tani 12 za pembe. Mnunuzi anayeuziwa kisu chenye pembe bila karatasi zozote anafaa kukirudisha mezani.

Baada ya nakshi zote, kisu bado hupimwa kama kisu. Bapa lifunguke kwa ulaini ule ule mwanzo hadi mwisho, lisitikisike likishafungwa, na likiwa limekunjwa likae katikati kabisa ya vibamba bila kugusa upande wowote. Makali yawepo. Kazi nyingi zenye mazimwi mazuri hushindwa hapa, kwa sababu fundi wa nakshi aliingia kabla fundi wa kisu hajamaliza. Msafiri ajue pia kwamba huko huko Japani kutembea na kisu chenye bapa la zaidi ya sentimita 6 bila sababu ya msingi ni kosa la jinai, hata kikiwa cha thamani ya gari.

Anayetaka kulizoesha jicho lake kabla ya kutumia hata shilingi moja aanze na kozuka. Makumbusho ya Victoria na Albert mjini London na Makumbusho ya Sanaa ya Boston yana makusanyo makubwa ya vifaa vya panga, na Makumbusho ya Kiyomizu Sannenzaka mjini Kyoto huonyesha kazi za kizazi kilichofuata marufuku ya 1876. Makumbusho haya mawili ya kwanza yameweka picha nyingi za vitu vyao kwenye intaneti, ambako yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama bila malipo.